Kitovu, Kalio, Miguu

Marlys Haapala alikuwa na tabia ya kumwita mgeni kwa jina la mji aliotoka. Ukifika ghubani kwetu, kaskazini mwa San Francisco, na kayaki yako mpya, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, juu ya gari, ukamwambia unaitwa nani, anakuitikia kwa adabu kabisa, halafu hapo hapo anakuita Redding, au Ukiah, au kokote ulikotoka. Mimi niliitwa Stockton asubuhi nzima, na mama yangu alinipa jina zuri tu, Arsenio, jina la baba yake. Nilinuna. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, fundi wa mabasi ya shule, najiona najua kila kitu chenye nati, halafu mwanamke mwenye kofia ya sufu iliyotoboka ananiita kama anayetangaza kituo cha basi.

"Jina lako utalipata majini," aliniambia. "Ukipinduka ukapanda mwenyewe, nitakuita upendavyo."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na sheria yake ndiyo ilikuwa sheria ya ghuba. Siku ya kufunguliwa msimu wa samaki wa miambani, kabla mtu hajapiga kasia kwenda nje baharini, sote tunapanga kayaki zetu pale maji yanapotulia. Kila mmoja anajipindua kusudi mbele ya wenzake, kisha anapanda tena bila kusaidiwa. Akishindwa, habari yake ya siku hiyo imeishia ufukweni. Hakuna kubembeleza. Anayeanza ni Marlys mwenyewe, kila mwaka, ili asije akatokea mtu wa kusema anaamrisha asichokifanya.

Watu wa mabondeni huko bara wanadhani ni mbwembwe. Hawayajui maji yetu. Hata mwezi wa saba, katikati ya kiangazi chetu, yana baridi ya kukusahaulisha jina la mkeo. Ukiwa nje ya kayaki una dakika chache vidole vyako vikiwa vyako, baada ya hapo vinakuwa vya mtu mwingine. Marlys aliyajua hayo tangu zamani, alipokuwa bado anakagua mbao kiwandani, kabla kiwanda hakijafungwa. Alitoka kuvua na jamaa mmoja mkata miti anaitwa Dale, mtu wa miraba minne. Dale akapinduka, akashindwa kupanda. Kila akijaribu, anaipindua kayaki na kujifunika nayo. Marlys akamshika ukanda wa jaketi mpaka boti ya wazamiaji ilipowakuta, na Dale akapona, akahamia bara, na nasikia mpaka leo akioga hujaza beseni tu. Hilo la beseni huenda watu wametia chumvi. Lakini Marlys alirudi nyumbani, akakaa na mumewe Gene mezani, wakatunga maneno matatu ya kumfundisha kila atakayekuja: kitovu, kalio, miguu.

Maana yake ni hivi. Ukiwa majini unapiga miguu mpaka mwili ulale juu ya maji, unajivuta mpaka kitovu kikae katikati ya kayaki. Kisha unajigeuza, kalio likae kwenye kiti. Miguu ndiyo ya mwisho. Kila anayepinduka anataka kuanza na mguu, kama anayepanda farasi, na hapo ndipo anapokunywa bahari.

Nami niliinywa. Mara ya kwanza nilitoka na mwani kichwani kama wigi, Gene anacheka hadi anashika tumbo. Mara ya pili nikaanza tena na mguu.

"Stockton," Marlys akaniambia, taratibu, kama anayeongea na ng'ombe aliyekwama, "hebu uache mguu upumzike. Kitovu."

Nikapanda. Nilitapika kidogo upande wa pili, lakini nilikuwa juu. Marlys akasogeza kayaki yake hadi ikagusana na yangu, akanipa mkono, akasema, "Karibu, Senio." Sijui jina Senio alilitoa wapi, ni nyumbani tu walikoniita hivyo, na sikuwa nimemwambia. Nikaenda naye nje siku ile, nikavua upande wake wa kulia, na tangu hapo sikuwahi kuvua sehemu nyingine. Yeye kushoto, mimi kulia, umbali wa kuongea bila kupaza sauti.

Siku zile, jamani. Kayaki zilikuwa plastiki nzito ya kukuvunja mgongo, hakuna vioo vya kuonyesha samaki. Mwamba tuliutafuta kwa macho: unalinganisha bomba la moshi la nyumba nyeupe na mti ulioinama, ukikaa sawa unashusha chambo. Samaki weusi walikuja kwa fujo, wekundu wa chini walikuja kwa heshima, na lingi, yule mwenye domo kama begi lililokatika zipu, alikuja akitaka ugomvi. Marlys aliongea muda wote. Alinieleza nani kaachana na nani mjini, nani kauza nyumba kwa watu wa San Francisco, kwa nini kahawa ya kituo cha mafuta siyo kahawa. Nikipata samaki mkubwa kuliko wake alikuwa anasema samaki huyo alikuwa anakuja kwake, nimemkatiza njia. Nazikumbuka asubuhi zile mpaka leo. Sikuwa na dada, na Mungu anisamehe, sikujua nilikuwa nikimhitaji mpaka nilipompata.

Gene hakudumu sana baharini. Magoti yalimwisha, na mwaka mmoja siku ya kwanza akajipindua kama sisi sote, akashindwa kupanda. Akajaribu tena. Sote tuliangalia mbali, tukiamini mkewe naye ataangalia mbali. Marlys akamwambia mbele ya watu wote, "Gene, mpenzi, leo utabaki." Gene akaenda kukaa ndani ya gari, akapandisha vioo, na tuliporudi na samaki alikuwa bado mle ndani. Mwaka uliofuata akaja na jiko la gesi na kikaango cha chuma, akawa mpishi wetu, na alipika vizuri hadi alipofariki. Lakini ule mwaka wa vioo hakuna aliyewahi kuutaja mbele yake.

Sasa nije kwenye bega.

Kipupwe kilichopita Marlys aliteleza kwenye ngazi za nyuma ya nyumba akiwa amebeba kuni. Hakuniambia. Nilijua nilipokwenda kumtengenezea hita ya maji, nikamwona anashusha kikombe kabatini kwa mkono wa kushoto. Marlys ni mtu wa mkono wa kulia tangu nimjue.

"Bega vipi?" nikamuuliza.

"Bega lipo."

"Naliona lipo. Linafanya kazi?"

"Umekuja kutengeneza hita au kunipima?"

Nikakaza nati zangu. Kisha nikashindwa kuvumilia. "Msimu ukifunguliwa niache nitangulie mimi. Nipinduke mimi, wewe usimame uwaeleze wageni."

"Kwani nimekufa?"

"Hujafa. Lakini ukishindwa kupanda?"

"Nikishindwa, sheria unaijua." Akaniwekea kahawa mbele, kwa mkono ule ule wa kushoto. "Nyumba hii ina ukimya, Senio," akasema. "Naumaliza mwaka mzima kwa kuisubiri ile siku moja. Nikiikosa, sijui mwaka wangu utaanzia wapi."

Nilirudi Stockton nikiendesha gari na kujisemesha peke yangu njia nzima.

Siku yenyewe ilikuja na ukungu mwepesi na bahari imelala. Wageni walikuwa sita. Wanne walikuwa marafiki waliokuja pamoja, wapole, wasikivu, sina la kusema juu yao. Wa tano alikuwa kijana mkubwa anaitwa Garrett, kutoka Elk Grove, mwenye kayaki ya pedali na kioo cha kutafutia samaki kikubwa kuliko televisheni yangu. Wa sita alikuwa Denise Okimoto, mama wa makamo kutoka Lodi, anayesafisha meno ya watu kliniki. Alikuwa na uoga wa wazi usoni, na kwenye sahani, amefunika kwa kitambaa, alikuwa na mkate wa ndizi aliouoka usiku ili kutufurahisha.

Kwetu ndizi haipandi chombo, wala haisogei karibu na chombo. Usiniulize sababu, mimi mwenyewe ni mtu mzima na naona ni upuuzi, na sijawahi kuthubutu. Kuna waliorudi mikono mitupu wakapekua gari zima wakitafuta ganda.

"Lodi," Marlys akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole mno, "mkate umeuoka kwa moyo mzuri. Naomba urudi garini. Na gari lenyewe ulisogeze kule, nyuma ya choo."

Denise akacheka. Akatutazama mmoja mmoja, akaona hatucheki. Akaenda kusogeza gari.

Aliporudi, Marlys alikuwa ameshaingia majini. Aliwaeleza yote kama kila mwaka: jaketi lifungwe hata kama linakubana, kasia lifungwe kwa kamba, redio ya mawasiliano ikae kifuani wala siyo kwenye sanduku, na samaki wa kina kirefu aliyevimba tumbo kwa kuvutwa juu haraka usimtupe juu ya maji afe anaelea, mbane mdomo kwa klipu yenye uzito umrudishe chini. Kisha akasema, "Haya, nitazameni," akajiangusha kushoto na kuivuta kayaki, ikalala kifudifudi. Akaigeuza vizuri tu. Akapiga miguu. Akajivuta.

Kitovu hakikufika.

Akarudi majini, akapumua, akajaribu tena. Mkono wa kulia ulishika ukanda wa kayaki wa upande wa pili, kisha ukaachia wenyewe. Mara ya tatu hata kifua hakikutoka majini. Akabaki ameshikilia kayaki kwa mkono mmoja, shavu limelala kwenye plastiki, akasema kwa sauti ya kawaida, "Subirini kidogo. Niko sawa."

Wageni walikuwa wametulia kabisa kwenye kayaki zao, wanatazama kwa makini kama wako darasani, na ndipo nikamsikia Denise anamnong'oneza Garrett, "Anatuonyesha mtu anavyoshindwa. Angalia anavyoigiza."

Nikaidaka kauli hiyo hapo hapo. Nani asingeidaka? "Kabisa," nikasema kwa sauti kubwa ili Marlys asikie. "Hilo ndilo somo la kwanza, mwangalieni vizuri. Sasa atawaonyesha la pili." Huku nasema, huku nasogeza kayaki yangu upande wake wa pili. Nilishapanga. Ningeikandamiza yake kwa mkono isicheze, yeye ajivute, na kwa ukungu ule na kwa mgongo wangu ulivyo mpana hakuna ambaye angeona. Nilimtazama machoni. Aliielewa hila yangu yote, na kwa muda mfupi nilidhani ataikubali.

"Acha, Senio," akasema.

"Marlys, tafadhali."

"Acha." Akatema maji, akainua uso kuwaelekea wageni. "Siwaonyeshi kitu. Nimeshindwa kupanda. Basi mtazameni mtu aliyeshindwa, maana hivi ndivyo alivyo. Hapigi kelele. Anawaambia subirini kidogo, niko sawa. Mkimwona mwenzenu hivyo huko nje msimsubiri, mfuateni. Umesikia, Elk Grove?"

"Nimesikia, mama," Garrett akasema, na sauti ilikuwa ya mtoto.

Marlys akageuka, akaogelea kwa mkono mmoja akiivuta kayaki mpaka miguu ilipogusa mchanga. Nilitaka kulia, na hasira zikanizuia. Nilimkasirikia yeye, na bega, na zile ngazi, na kila aliyewahi kutunga sheria duniani.

Garrett hakuwa mtu mbaya. Alimfuata hadi kwenye maji mafupi. "Mama, sisi watu wazima saba na redio tunazo. Ukianguka tutakupandisha. Ni sheria yako, si ya serikali. Nani atakushtaki?"

"Nilimwambia mume wangu abaki, kwa sheria hii hii," Marlys akamjibu. "Akajifungia garini analia, nami nikaenda kuvua. Nilimwona kabisa analia, nikaenda. Sasa nikiivunja kwa ajili yangu, yeye nilimfanyia nini?"

Mimi ndio kwanza nilikuwa nasikia kwamba Gene alilia.

Marlys hakuondoka majini. Alisimama maji yakimfika kifuani, akaanza kuwaita mmoja mmoja. Wale wanne wakapita. Garrett akaanza na mguu, kama sisi sote, akapotea chini ya kayaki yake ya bei mbaya, akatokea anakohoa. "Kitovu," Marlys akamwambia, "wewe ni mtu, siyo mpanda farasi." Denise ndiye aliyetutesa. Alianguka, akaanguka, akaanguka tena, midomo ikawa ya bluu, na nikaona Marlys anajiuma mdomo. Nilijua anataka kusema basi. Hakusema. Alisema, "Lodi, usiivute kayaki ije kwako. Piga miguu, wewe uende kwake. Kitovu." Denise akapiga miguu kwa hasira ya mtu aliyefukuziwa mkate wake nyuma ya choo, akapanda, akakaa kitini anatetemeka na kucheka.

"Karibu, Denise," Marlys akamwambia.

Kisha akatoka majini, akatembea mpaka nyuma ya choo na suti yake ya mpira inachuruzika, na akarudi na kipande kikubwa cha mkate wa ndizi mkononi, anatafuna. "Mnaniangalia nini?" akasema. "Mimi leo si mtu wa baharini. Ndizi hainihusu."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, na ilikuwa kama kucheka kwenye matanga.

Nikawatoa nje mimi. Niliwapeleka kwenye ule mwamba wa bomba la moshi na mti ulioinama, ingawa Garrett aliona kila kitu kwenye kioo chake na hakuhitaji mti wa mtu. Samaki walikuwepo. Weusi walikuja kwa fujo kama zamani, Denise akapata mwekundu mzito wa kumpindisha mgongo, akamshika kwa mikono miwili akimwomba radhi. Mwaka mzuri kuliko mingi. Nikapata lingi mimi, mrefu kama mguu wangu, akanitoa jasho, na nilipomweka mapajani niligeuka kushoto kusema, "Haya, sema huyu naye alikuwa anakuja kwako."

Palikuwa na maji tu. Nilikaa nimegeuka hivyo muda mrefu kiasi kwamba Garrett aliniita kwenye redio kuniuliza kama niko sawa. Nikamjibu niko sawa, subiri kidogo. Nikasikia nilichokisema. Kijana huyo hakusubiri. Alipiga pedali akaja, akakaa upande ule wa kushoto, na nilimpenda kwa hilo.

Tuliporudi mawimbi yalikuwa yameanza kuinuka pale ufukweni, na hapo ndipo wageni wengi hupinduliwa pamoja na samaki wao. Marlys alikuwa majini, bado na suti yake, maji kiunoni. Hakuwahi kuwepo mtu wa kutupokea pale. Miaka yote yeye alikuwa nje pamoja nasi, na kila mtu alitua kwa bahati yake. Alimpokea Denise, akaidaka pua ya kayaki kwa mkono wa kushoto, akaisukuma mpaka juu. Akarudi akampokea anayefuata. Aliwapokea wote, mmoja mmoja, akiwatukana kwa upendo, na aliponidaka mimi alimtazama lingi akasema tu, "Mzuri," akanipita.

Tukala, wageni wakapiga picha, wakaahidi kurudi, wakaondoka. Tukabaki wawili tukifunga mizigo. Nikainua kayaki yake kuipeleka kwenye gari lake.

"Weka kwako," akasema.

"Kwangu kuna yangu."

"Paa lako ni pana. Weka."

"Marlys, bega litapona. Mwakani utapanda."

"Halitapona. Daktari alishaniambia tangu kipupwe." Alikuwa anakunja kamba, hanitazami. "Nilijua kabla sijaja."

"Ulijua, ukajitumbukiza mbele ya wote?"

"Nilitaka maji yenyewe yaniambie. Daktari simjui vizuri." Akanipa ile kamba. "Mwakani utatangulia wewe. Utapinduka kwanza, ndipo uwaite. Na ukishindwa, unarudi hapa ninaposimama mimi."

Nikamwambia sitaki. Nilimwambia hivyo nikilia, mtu mzima na mvi zangu, mbele ya choo cha umma. Akasema hajaniuliza kama nataka.